Krediti za chuo kwa bei nafuu Marekani: chuo kwanza, pesa baadaye

Kila ninapokwenda kwenye msiba, harusi au ibada ya Waswahili hapa Ohio, hakosi mtu wa kunivuta pembeni. "Dada, nasikia kuna namna ya kumaliza chuo kwa bei nafuu. Ni kweli, au ni utapeli?"

Ni kweli. Unakusanya krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyojenga shahada, kwa njia nafuu, kisha unazipeleka kwenye chuo kitakachokupa shahada. Nimeipita njia hiyo mwenyewe, na mdogo wangu akaipita baada yangu kwa pesa kidogo kuliko zangu, kwa sababu yeye alijua pa kuanzia. Mimi sikujua. Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nalala kwa saa tatu au nne tu, naamka na kufungua kompyuta. Kwa miezi mitano nikakusanya krediti 21 za kozi za mtandaoni. Nilipozipeleka chuoni zikapokelewa 6. Zile 15 zilizokataliwa zilikuwa halali kabisa, na kuna vyuo ambavyo vingezipokea zote. Nilikuwa nimenunua kitambaa kabla ya kuonana na fundi.

Kwa hiyo nitaeleza mambo kwa mpangilio ambao ningepewa siku ile, ningelala zaidi mwaka ule.

Ujue unanunua nini

Shahada ya kwanza Marekani ni krediti 120 hivi. Ile ya miaka miwili, ambayo huitwa associate, ni 60. Kozi ya kawaida huwa na krediti 3, na yenye maabara mara nyingi ni 4. Katika mwaka wa masomo 2024–25, wastani wa ada katika vyuo vikuu vya umma kwa mkazi wa jimbo ulikuwa dola 11,610 kwa mwaka. Katika vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili vilivyoko karibu kila mji, wastani ulikuwa dola 4,050. Gawanya kwa krediti 30 za mwaka mzima, utaona kwamba krediti moja ni kama dola 387 kule na dola 135 huku. Katika vyuo binafsi, wastani wa dola 43,350 unaifikisha krediti moja kwenye dola 1,400 na ushee, kabla hujapata punguzo lolote.

Shahada ina sehemu mbili. Moja ni masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi anadaiwa: Kiingereza cha kuandika, hesabu, sayansi ya jamii, historia, sayansi kidogo, wakati mwingine lugha ya kigeni. Nyingine ni masomo ya fani yako, hasa yale ya ngazi ya juu, ya mwaka wa tatu na wa nne. Njia nafuu nitakazozitaja ziko zaidi kwenye sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili, kwa kiasi kikubwa, utaisomea kwenye chuo kitakachokupa shahada, na vyuo vingi vinataka walau krediti 30 ziwe zao wenyewe. Mtu akikuambia utapata krediti zote 120 kwa dola elfu moja, muulize ni chuo gani kitaweka mhuri wake kwenye cheti hicho.

Hatua ya kwanza: hesabu ulicho nacho tayari

Wengi wetu tulikuja na vyeti tukavifungia kwenye sanduku kana kwamba ni vya aibu. Diploma ya ualimu, ya uhasibu, ya uuguzi, mwaka mmoja au miwili ya chuo kikuu uliokatizwa na safari, ile graduat ya miaka mitatu ya Kongo: hivi vyote vinaweza kugeuzwa kuwa krediti hapa, na ndizo krediti za bei rahisi kuliko zote kwa kuwa ulishazisomea. Hata cheti cha kidato cha sita cha Tanzania au cha Uganda, baadhi ya vyuo hukitazama kama masomo ya kiwango cha juu na kukipa krediti kadhaa. Kwa vyuo vingine ni cha kuingilia tu. Uliza, usikisie.

Vyeti vya nje hutathminiwa na mashirika maalumu. Yale yanayoaminiwa na vyuo vingi ni wanachama wa umoja uitwao NACES, yakiwemo WES na ECE. Kabla hujalipa, kiulize chuo kinataka tathmini ya shirika gani, na uombe tathmini inayoonyesha kila somo na krediti zake. Ile fupi, inayosema tu kwamba cheti chako kinalingana na nini, haitakupatia krediti hata moja. Gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ada ya kozi moja. Kazi kubwa ni kupata transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama zako, kutoka nyumbani, kwa sababu mara nyingi hutakiwa itoke chuoni moja kwa moja, ikiwa imefungwa au imetumwa kwa mtandao. Hapo ndipo unapomhitaji shemeji au mpwa aliyeko Dodoma, Bujumbura au Lubumbashi, mwenye subira ya kukaa foleni ofisi ya msajili. Anza mapema.

Ongeza kwenye hesabu vyeti vya kazi ulivyopata hapa. Baadhi ya vyeti vya kompyuta kama vya CompTIA, na baadhi ya mafunzo ya jeshi, vimekwisha kupimwa na kuwekewa makadirio ya krediti.

Hatua ya pili: chagua chuo kitakachokupa shahada

Hii ndiyo hatua niliyoiruka.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni ithibati. Wizara ya Elimu ya Marekani ina orodha ya mtandaoni iitwayo DAPIP, inayoonyesha vyuo vyenye ithibati inayotambuliwa, pamoja na chombo kilichoitoa. Chuo kisipokuwemo humo, achana nacho, hata kama tovuti yake imejaa picha za majoho. Wapo wanaouza shahada kwa "uzoefu wa maisha" ndani ya wiki mbili. Karatasi hiyo haitakupatia leseni wala kazi ya serikali, na ukirudi nyumbani mamlaka za kutambua shahada, kama TCU ya Tanzania, hazitaitambua. Kama una nia ya kurudi siku moja, waulize hao pia kabla hujaanza. Shahada iliyosomwa mtandaoni tupu inaweza kuulizwa maswali ambayo ya darasani haiulizwi.

Kitu cha pili ni ukarimu wa chuo kwa krediti za nje, na hapo vyuo vinatofautiana mno. Kuna vitatu ambavyo watu wa njia hii huvitaja pamoja kila mara, kwa sababu vilianzishwa hasa kwa ajili ya watu wazima wenye krediti za huku na huku: Excelsior University ya Albany, New York, iliyoanza 1971, Thomas Edison State University ya Trenton, New Jersey, ya 1972, na Charter Oak State College ya Connecticut, ya 1973. Vyote vina ithibati. Hupokea krediti nyingi mno za mitihani na za kozi za nje, kisha hukudai kozi zao wenyewe, hasa ile ya kuhitimisha shahada.

Kundi lingine ni vyuo vya ada moja kwa kipindi. Western Governors University, WGU, iliyoanzishwa 1997, hukutoza ada moja kwa miezi sita, umalize kozi nne au kumi na nne. University of Maine at Presque Isle ina mpango kama huo uitwao YourPace, wenye vipindi vifupi. Vyuo hivi vinamfaa mtu mwenye nidhamu na muda. Kwa mama wa watoto watatu mwenye kazi mbili, ile miezi sita inaweza kwisha kabla kozi ya tatu haijafunguliwa, na ada ishalipwa. Nasema hivi kwa sababu nimewaona. Uvivu haukuwa tatizo lao. Walikuwa wamechoka.

Kundi la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowafaa wengi wetu, ni chuo kikuu cha umma kilicho karibu nawe, ukikifikia kupitia chuo cha jamii. Hakina matangazo makubwa, lakini unapata mwalimu wa kumwona uso kwa uso na msaada wa Kiingereza, na mara nyingi mapatano ya kuhamisha krediti yameshaandikwa.

Hatua ya tatu: pata jibu kwa maandishi

Mpigie mshauri wa masomo simu ukitaka, lakini usimalize kwa simu. Maneno ya simu hayana shahidi, na mshauri wa leo anaweza kuwa amehama ifikapo muhula ujao. Andika barua pepe uulize haya (CLEP ni mitihani inayokupa krediti bila kukaa darasani, na ACE nitaieleza hapo chini):

Mnapokea krediti ngapi, kwa jumla, kutoka nje ya chuo? Mnapokea mitihani ya CLEP, na kwa alama ngapi kwa kila somo? Mnapokea kozi zilizopendekezwa na ACE? Kozi hii na hii itaingia kama somo gani kwenye shahada yangu? Je, ni krediti ngapi lazima nisomee kwenu, na ngapi ziwe za ngazi ya juu?

Swali la nne ndilo lenye uzito kuliko yote. Chuo kinaweza "kupokea" krediti zako na kuziweka kwenye kapu la masomo ya ziada, ambako hazikupunguzii hata kozi moja unayodaiwa. Huo nao ni mtego ulioninasa mimi. Unachotaka kusikia ni kwamba krediti hizi zinachukua nafasi ya somo fulani, ukitajiwa namba ya somo hilo.

Nieleze na ACE, maana jina hilo utaliona kila mahali. Ni American Council on Education, baraza la vyuo linalopima kozi zinazofundishwa nje ya vyuo na kupendekeza ziwe na krediti ngapi. Tilia mkazo neno kupendekeza. ACE haikilazimishi chuo chochote. Kampuni inayouza kozi ikiandika kwamba kozi zake zina pendekezo la ACE, imesema kweli, lakini haijakujibu kama chuo chako kitazikubali.

Ukipata jibu, lihifadhi. Lichapishe pia. Mdogo wangu alilitumia la kwake miaka miwili baadaye, mbele ya mshauri mwingine aliyetaka kukataa, na likamwokolea kozi mbili.

Hatua ya nne: sasa chagua njia

Chuo cha jamii ukiwa na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kwa masomo. Naanza na hii kwa sababu watu huiruka wakikimbilia mambo ya mtandaoni, kumbe kwa wenye kipato kidogo inaweza kuwa bure. Kama una green card, ni raia, au uliingia kama mkimbizi au ukapewa hifadhi, kwa kawaida unaweza kujaza FAFSA na kuomba Pell Grant, ruzuku ya serikali ambayo hairudishwi. Kwa 2025–26 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395 kwa mwaka. Linganisha na ile ada ya wastani ya dola 4,050: inabaki ya vitabu na nauli. Juu ya hapo majimbo kadhaa yana mipango yake. Tennessee ina Tennessee Reconnect kwa watu wazima, Michigan ina Michigan Reconnect kwa wenye miaka 25 na zaidi, na Minnesota ilianza North Star Promise mwaka 2024 kwa familia zenye kipato cha chini ya dola 80,000. California haina haja ya maelezo marefu: mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa krediti.

Hapa kuna jambo la kupima. Pell haiwezi kulipia mtihani wa CLEP wala kozi za kampuni za mtandaoni. Kwa hiyo kama Pell inakulipia chuo cha jamii chote, kozi ya dola 99 mtandaoni kwako ni ghali kuliko ya dola 400 chuoni. Njia hizo nyingine zinawafaa zaidi wale ambao kipato chao kimepita kidogo mstari wa msaada, au wanaotaka kuharakisha.

Mitihani ya CLEP. Hii ni mitihani ya shirika la College Board, iko 34, na ipo tangu 1967. Unajisomea mwenyewe, unafanya mtihani wa dakika 90 au zaidi kidogo, ukipata 50 kwenye kipimo cha 20 hadi 80 vyuo vingi vinakupa krediti kama vile ulisoma kozi yenyewe. Vyuo zaidi ya 2,900 vinaitambua, kila kimoja kwa masharti yake. Bei ya mtihani mmoja ni chini kidogo ya dola 100, na kituo cha mtihani kinaweza kuongeza ada yake. Kwa somo la krediti 3, hiyo ni kama dola 33 kwa krediti.

Na unaweza kushuka chini ya hapo. Shirika liitwalo Modern States lina kozi za bure za kukuandaa kwa mitihani hii, na ukimaliza kozi yao unaomba vocha inayolipia ada ya mtihani. Ukishindwa, unasubiri miezi mitatu ndipo urudie, na hakuna F inayoingia kwenye rekodi yako ya chuo. Kwa mtu anayeogopa kuanza upya akiwa na miaka 40, hiyo ni nafuu kubwa ya moyo.

Ni mitihani gani ya kuanzia? Inategemea ulikotoka. Aliyefanya hesabu vizuri sekondari nyumbani atakuta aljebra ya chuo ni mambo anayoyafahamu, anahitaji tu kuzoea Kiingereza chake. Saikolojia na sosholojia za utangulizi ni za kusoma na kukumbuka, zinashikika. Historia ya Marekani na mfumo wa serikali yake vitakuchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu wenzetu waliozaliwa hapa wamevisikia tangu utotoni. Somo la kuandika Kiingereza mimi nakushauri ulisomee darasani. Ndilo utakaloegemea katika masomo mengine yote, na mwalimu akikusahihishia insha zako kwa muhula mzima utapata kitu ambacho mtihani wa jioni moja hauwezi kukupa.

Lugha ulizozaliwa nazo. Hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wasimame wasikilize. CLEP ina mtihani wa Kifaransa. Ni wa kusikiliza na kusoma tu, hauzungumzi wala huandiki. ACE inapendekeza krediti 6 kwa anayepata 50, na 9 kwa anayefikia 59. Mtu aliyesoma shule yote kwa Kifaransa, hata kama ni miaka kumi na mitano iliyopita, akirudia sarufi wiki chache ana nafasi nzuri ya kutoka na krediti 9 kwa asubuhi moja. Nimekutana na watu wanaosukuma vitanda hospitalini usiku kucha wasijue kwamba wana krediti 9 vichwani.

Na Kiswahili chetu? CLEP haina. Ila kuna mtihani wa ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha, wa mahojiano ya mdomo, uitwao OPI, unaotolewa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na ACE imependekeza krediti kulingana na daraja unalopata. Bei yake inapita ya CLEP. Tena baadhi ya vyuo vina kanuni ya kutotoa krediti kwa lugha ya kuzaliwa, au vinakusamehe tu sharti la lugha ya kigeni bila kukupa krediti. Hata msamaha huo una faida, kwani unaweza kukuondolea kozi mbili au zaidi. Uliza kwenye barua pepe ile ile.

Kozi za kulipia kwa mwezi. Sophia Learning ndiyo inayojulikana zaidi: dola 99 kwa mwezi, unasoma kwa kasi yako, kozi zina pendekezo la ACE. Ukimaliza kozi mbili za krediti 3 ndani ya mwezi, krediti moja imekugharimu dola 16 na nusu. Ukimaliza kozi moja kwa miezi mitatu, imekugharimu dola 99 kwa krediti. Saa ndiyo inayokula pesa. Study.com na StraighterLine zinafanya kazi kwa namna inayofanana. Saylor Academy ina kozi za bure, na baadhi zina mtihani wa mwisho unaosimamiwa, unaoleta pendekezo la krediti.

Ushauri wangu kwa njia hii: usijisajili mpaka uwe na wiki nne ambazo unajua zitakuwa tulivu. Si mwezi wa Ramadhani, si mwezi wa ovataimu, si mwezi ambao mama anakuja kutembea. Soma kozi ya kwanza kwa majaribio, itume chuoni, uone imeingia kama somo gani kwenye rekodi yako, ndipo uendelee na nyingine. Kumbuka pia kwamba kozi hizi kwa kawaida huingia bila alama ya herufi, kwa hiyo hazipandishi GPA yako, yaani wastani wa alama zako.

Jalada la uzoefu wa kazi. Baadhi ya vyuo hukuruhusu kuandika na kuthibitisha kwamba ulichojifunza kazini kinalingana na kozi fulani. Mtu aliyeendesha duka la jumla Kariakoo au Gikomba kwa miaka kumi anajua mengi ya biashara. Lakini jalada linataka uandishi mwingi na ushahidi wa karatasi. Nimeona wachache tu wakilimaliza.

Kama una mtoto sekondari

Mzazi, sehemu hii huenda ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Majimbo mengi huwaruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma kozi za chuo, zikahesabiwa kote kuwili, shuleni na chuoni. Hapa Ohio mpango unaitwa College Credit Plus, uko wazi kuanzia darasa la 7 hadi la 12, na kwenye vyuo vya umma familia hailipi ada wala vitabu. Minnesota ina PSEO, iliyoanza 1985, nayo inalipia ada na vitabu. Washington ina Running Start kwa darasa la 11 na la 12, ambako ada ya masomo ni bure lakini vitabu ni juu yako. Mtoto anaweza kumaliza sekondari akiwa na krediti 30 na zaidi, au hata associate nzima.

Shule haitakufuata nyumbani kukuambia. Nenda kwa mshauri wa shule wakati wa baridi, kabla ya usajili wa mwaka unaofuata, umtaje mpango huo kwa jina lake. Na mweleze mtoto waziwazi kwamba alama ya kozi ya chuo inabaki kwenye rekodi ya chuo daima. Hapa Ohio, akifeli, shule inaweza hata kukudai gharama. Asijaze kozi tano kwa mkupuo. Aanze na moja.

Mitihani ya AP ya mwezi wa Mei, ya kiwango cha chuo lakini inayofanywa na wanafunzi wa sekondari, nayo ni njia. Alama ni 1 hadi 5, na vyuo vya umma vya Ohio hutoa krediti kuanzia 3. Familia yenye kipato kidogo huombewa punguzo la ada kupitia shule.

Kwa wanaoelekea unesi

Najua wengi wenu mnaosoma haya mko kwenye kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) na macho yenu yako kwenye RN (muuguzi aliyesajiliwa). Kwenu ninyi tahadhari ni kubwa zaidi. Shule za unesi kwa kawaida hutaka anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia zenye maabara na alama ya herufi, na mara nyingi zisiwe zimepitwa na miaka fulani, mitano au saba. CLEP ya biolojia haitachukua nafasi hiyo, na kozi ya mtandaoni isiyo na alama inaweza kukataliwa hata kama chuo hicho hicho kinaipokea kwa fani nyingine. Kwa hiyo tumia njia nafuu kwa saikolojia, sosholojia na hesabu, kama shule yako imekubali kwa maandishi. Sayansi zako zisomee chuo cha jamii, darasani, polepole, upate A au B. Nafasi za unesi hushindaniwa kwa alama. Kuokoa dola 300 ukaharibu maombi yako ya RN ni hasara.

Kwa wenye viza ya mwanafunzi, F-1

Hamstahili Pell, na lazima mbaki wanafunzi wa muda wote, kwa kawaida krediti 12 kwa muhula. Katika hizo, kozi moja tu ya mtandaoni, yaani krediti 3, ndiyo inayohesabiwa. CLEP na Sophia zinaweza kufupisha safari yako, lakini hazihesabiwi kwenye zile 12. Usipunguze kozi hata moja kabla hujazungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Hapa kosa linagusa viza yako.

Hatua ya tano: tuma, kisha uhakikishe imeingia

Siku ya mtihani wa CLEP unaruhusiwa kuchagua chuo kimoja kitakachopelekewa matokeo bila malipo, kwa hiyo nenda ukiwa umeshachagua. Matokeo huhifadhiwa miaka 20. Kama ulifanya mtihani zamani ukaacha, bado yapo. Kwa kozi zenye pendekezo la ACE, unaomba transkripti rasmi itumwe chuoni; picha ya skrini haikubaliki.

Subiri wiki tatu au nne, kisha fungua ukurasa wa maendeleo ya shahada yako kwenye tovuti ya chuo, upite somo kwa somo. Ukikuta krediti zimeangukia kwenye kapu la masomo ya ziada wakati uliahidiwa somo, iandikie ofisi ya msajili siku hiyo hiyo, uambatanishe ile barua pepe ya hatua ya tatu. Usingoje muhula wa mwisho. Mimi nilifungua ukurasa huo nikiwa nimebakiza miezi minne kuhitimu.